Injini ya Mahari na Mvuke wa Barasa

Kila nikifungua karakana hapa Kianda, Kibera, kuna mmoja wenu ananiuliza, "Rama, Malava kulienda aje?" Na kila mmoja nimemjibu nusunusu, kwa sababu mdomo wangu ukianza haujui kufunga breki. Sasa nimeandika yote mara moja. Someni, mcheke panapochekesha, kisha mniache nifunge boliti zangu kwa amani. Habari za kutafuta gari na kuomba ruhusa nimeziruka, hazina utamu.

Mnajua mimi ni fundi wa dizeli. Ambacho wengine hamjui ni kwamba nilipomuoa Amina, ambaye kwao bado wanamwita Nanjala, baba yake Mzee Makokha, Mluhya wa Malava kule Kakamega, alitaka ng'ombe. Mnubi wa Kibera ng'ombe nimfuge wapi, juu ya paa? Nikampa injini ya dizeli ya silinda moja, niliyoifufua kwa mikono yangu, iendeshe kinu chake cha kukamua miwa ya sukari nguru. Wazee wa ukoo waliipokea, wakaipiga vikofi mgongoni kama wanavyopokea ng'ombe. Huku kwetu, siku ya nikahi, sheikh alipomuuliza Amina mahari yake ni nini, akajibu ni hiyohiyo injini iliyo kwa baba. Injini moja kwa harusi mbili. Wakati huo tulicheka sana.

Sasa kuna Barasa wa Kawangware 46. Barasa ni mwanyumba wangu, yaani tumeoa dada kwa dada: yeye ana Nekesa, mkubwa wa Amina. Anachunga boila kwenye kiwanda fulani cha kufulia nguo, na mvuke ameufanya dini. Juzijuzi alimwambia mzee kwamba kuna mtambo wa mvuke umetupwa porini kwenye kiwanda cha mbao kilichokufa, na kwamba yeye anaweza kuufufua uendeshe kinu kwa kuchoma makapi ya miwa, bila tone la dizeli. Mzee akakubali. Wikendi baada ya wikendi Barasa akawa Malava, na mimi nikaambiwa mwisho kabisa, kazi ikiwa imebaki kufungwa geji ya kupimia mvuke. Mkwe ambaye ng'ombe wake hana kazi bomani kwa wakwe, amebaki na nini pale? Ndiyo maana nikasema safari hii nami nitaenda.

Kianda hadi Kawangware 46

Amina aliamka kunikaangia gurusa, zile chapati nyepesi za maji alizofundishwa na mama yangu. Alizifunga mafungu mawili, moja dogo na moja kubwa.

"Hili kubwa la nani?" nikauliza.

"La shemeji Barasa. Usilifungue njiani."

"Na mimi?"

"Wewe si unazila kila siku? Acha choyo."

Nikatoka nyumbani roho imeshaanza kuniuma. Pale kituo cha Olympic nilipanda boda boda, sanduku la spana nimelikumbatia kifuani na mafungu ya gurusa yananing'inia kiwikoni. Mwenye boda akaniuliza, "Buda, unahama ama umefukuzwa?" Nilimwambia aendeshe.

Nilimkuta Barasa hajavaa. Alikuwa anapiga shati pasi, taratibu, mkono mmoja kisha wa pili, kana kwamba Malava ipo hapo nyuma ya soko. Nikataka kukaa kwenye kochi, Nekesa akanizuia kwa mkono.

"Si hapo, Rama. Hapo pamelala geji."

Kweli geji ya boila ilikuwa imelala kwenye kochi, imefungwa kwa blanketi la mtoto. Mimi nikakaa kwenye ndoo.

"Niaje, mwanyumba," Barasa akasema. "Naona umebeba spana zote. Kwa mvuke hazihitajiki hivyo. Ni moto, maji na subira tu."

Akafungua fungu lake la gurusa, akala tatu mbele yangu na chai ya maziwa, akisifu mkono wa Amina. Mimi mke wangu hajawahi kunipa hata moja ya ziada.

Kawangware hadi Timboroa

Gari letu lilikuwa kanta, lori dogo, iliyobeba vitanda vya mafundi seremala wa Kawangware kwenda Kakamega. Dereva alikuwa Kariuki, mtu wa maneno mengi, na tulikaa watatu mbele, mimi katikati, gia ikinigonga goti kila mahali barabara ilipopinda.

Tulipoanza kuteremka kuelekea Mai Mahiu, Kariuki akachokoza. "Nyinyi wote ni mafundi wa injini. Sasa mnakosania nini?"

Nikamweleza kwanza mimi. Nikasema kwenye dizeli moto unawaka ndani kabisa ya silinda. Hewa inabanwa mpaka inapata joto kali, dizeli inarushwa humo, inawaka yenyewe na kuisukuma pistoni. "Unazungusha hendeli, inalia, unaanza kazi. Ukimaliza unaizima, unaenda kulala. Hakuna kungoja."

"Yangu ni kama jiko la mama," akasema Barasa. "Moto unakaa nje, chini ya boila. Maji yanachemka, mvuke ndio unaingia kwa silinda kusukuma. Na kwa sababu moto uko nje, mimi sichagui chakula. Kuni, mabua, makapi ya miwa, chochote kinachowaka. Huyu Rama akikosa dizeli, injini yake ni jiwe la kukalia."

"Na wewe ukikosa maji, yako ni bomu."

Kariuki alicheka mpaka akakosa gia. Lakini baadaye nilimsikia akimweleza mtu kwa simu habari za "jiko la mama", na ya bomu hakuitaja. Nina hakika Barasa alikuwa ameyafanyia mazoezi yale maneno mbele ya kioo.

Mlima wa Timboroa ndio uliotukamata. Kanta ilipanda ikipunguza mwendo, kisha mvuke ukafoka kutoka mbele, tukasimama pembeni kwenye baridi inayouma masikio. Paipu ya radieta ilikuwa imepasuka. Barasa akashuka, akautazama ule mvuke kwa mapenzi.

"Unaona? Hata dizeli ikipanda mlima inatamani kuwa mvuke."

Nikaingia chini ya gari. Niliikata ile paipu mahali palipopasuka, nikairudisha, nikaikaza kwa mpira wa tyubu na waya mpaka vidole vikafa ganzi. Wakati huo Barasa alikuwa amevuka barabara kwenda kwa mama mmoja aliyeuza viazi vya kuchemsha. Nilikuwa nawaona miguu tu kutoka chini ya gari, na nilikuwa nawasikia wakicheka. Alirudi na mtungi wa maji na sahani ya viazi vyenye pilipili na chumvi, ambavyo mama yule alikataa kabisa kulipwa. Akamimina maji kwenye radieta, Kariuki akawasha, ikaitika.

"Asante sana, fundi!" Kariuki akamwambia Barasa. "Bila wewe tungelala hapa."

Nilikuwa na grisi mpaka kwenye nyusi. Nilikula viazi vyangu nikiangalia upande wa msitu.

Malava

Bomani tuliingia alasiri. Mama mkwe alitusalimu kutoka mbali, nyuma ya jiko, kwa sababu kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawasogeleani. "Mulembe!" akaita, nasi tukaitikia tukiwa tumeinamisha macho. Macho yangu yalikuwa yanatafuta injini.

Niliiona kando ya ghala la mahindi. Ilikuwa imeng'olewa, imefunikwa gunia, na kuku alikuwa ametaga ndani ya tangi lake la maji. Juu ya msingi wa saruji ambao mimi mwenyewe niliuchanganya mwaka ule wa harusi, ulisimama mtambo wa Barasa: boila refu lililolala kama pipa la lami, bomba la moshi lenye kofia, na gurudumu la chuma linalonifika kifuani, limepakwa rangi nyekundu. Mtu alikuwa ameufuta vumbi asubuhi ile. Uliwaka juani. Ulikuwa mzuri, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Rama, mkwe wangu!" Mzee Makokha alinipokea kwa sauti yake ya kuitia watu ng'ambo ya mto. "Umekuja kuona maajabu ya mwenzako?"

"Na ng'ombe wangu, mzee?"

"Si yule pale, amepumzika. Amezeeka kidogo, na anakunywa sana huyo!" Akacheka, na Barasa akacheka kwa adabu, kinywa kikiwa kimefungwa.

Wakaniletea jogoo na kisu. Kwa kuwa mimi ni Mwislamu, boma lile humngoja Rama achinje ili wote wale sahani moja, heshima ambayo siku zote nimeipenda. Nikachinja. Ugali ukaja, kuku akaja, na firigisi ikawekwa mbele ya mzee, maana kwa Waluhya firigisi ni ya mwenye boma. Miaka yote niliyokwenda pale, mzee huikata vipande viwili, kimoja chake na kimoja huniwekea mimi mkononi. Safari hii hakuikata. Aliinyanyua nzima na kuiweka kwenye sahani ya Barasa.

"Kula, fundi. Kesho una kazi."

Kuku nimemchinja mimi, firigisi kala mwingine. Nilisema nimeshiba, nikanawa mikono.

Siku ya kukamua

Asubuhi Barasa alifunga geji, akawasha moto chini ya boila, na kijiji kizima kikaja na miwa. Kisha tukangoja. Tulingoja maji yapate moto, tukangoja yachemke, tukangoja mshale wa geji uamke kutoka usingizini. Nilisema kwa sauti ya kusikika kwamba dizeli ingekuwa imeshakamua mkokoteni mzima.

"Hiyo ilikuwa inaamsha watoto na hizo kelele zake," mama mmoja akanijibu akiwa amekalia mzigo wake wa miwa. "Hii tunapiga stori. Wewe una haraka ya kwenda wapi?"

Mwishowe Barasa akafungua vali. Gurudumu likajivuta, likasita, likaanza kuzunguka, na kinu kikazunguka nalo. Hakukuwa na ule mlio wa tutututu. Ilikuwa pumzi tu, kubwa na ya polepole, na mkanda ukipiga papa, papa. Mzee akaingiza muwa mmoja, akaingiza mitatu, kisha kwa uchokozi akasukuma tita zima la miwa minene ambayo ingeikaba injini yangu ikazima palepale. Gurudumu lilipunguza mwendo, likaendelea kusukuma. Maji ya miwa yakamwagika kama bomba limepasuka na watu wakapiga vigelegele.

Najua kwa nini. Dizeli nguvu yake iko kwenye mwendo. Ukiipunguza kasi sana inakufa. Mvuke unasukuma kwa nguvu zake zote hata gurudumu likiwa linajikokota. Mambo haya nayajua tangu nikiwa mwanagenzi, na fundi aliye ndani yangu alitaka kupiga makofi. Lakini mume wa Amina alikuwa anaomba lile boila lipasuke, watu wakiwa wamesogea mbali kidogo. Naandika hivyo mjue hali niliyokuwa nayo.

Watoto wakamzunguka Barasa. Akina mama wakampa glasi ya kwanza ya maji ya miwa. Shati lake lilikuwa bado jeupe.

"Kuanzia leo," Mzee Makokha akatangaza, "hiki kinu ni cha Barasa! Ile nyingine tutaitafutia kazi."

Kazi gani? Kutagia kuku? Nilisikia sauti yangu ikisema kabla mimi sijaamua. "Usihangaike, mzee. Kama haina kazi hapa narudi nayo Kibera."

Watu wakageuka kunitazama. Ule mtambo ulikuwa unahema peke yake.

"Unasema unairudisha?" mzee akauliza.

"Naipeleka kwa mwenyewe. Dini yangu inasema mahari ni mali ya mke. Ni ya Amina hiyo."

"Umefikiria?"

"Nimefikiria."

"Haya," akasema, akageuka kuingiza miwa.

Barasa alinifuata mpaka ghalani na kuniuliza kama najua ninachofanya. Nilimwambia akachunge boila lake. Kariuki alikuwa ameshashusha vitanda Kakamega, amerudi kunichukua, na kanta ilikuwa tupu. Yeye, mimi na vibarua wa barabarani tuliipandisha injini kwa magogo na kamba. Watu wa boma hawakushika hata kamba. Mama mkwe alijifunika leso kichwani akaingia ndani. Na mimi, ambaye sijawahi kuondoka Malava bila kuku aliyefungwa miguu, niliondoka mikono mitupu na nikafikiri ni kwa sababu nimewashinda.

Malava hadi Kianda

Barasa alibaki huko. Mpaka Eldoret nilikuwa naimba.

Tulipofika Burnt Forest tukashuka kunywa chai na mayai. Kariuki alikuwa kimya tangu tuondoke, jambo lisilo la kawaida, na sasa akaniangalia juu ya kikombe.

"Sasa boss, bibi umemwacha kweli?"

"Bibi gani?"

"Wako. Kwetu mtu akienda kwa wazee akabeba mbuzi za mahari akarudi nazo, hiyo ndoa amefunga duka."

"Wewe ni Mkikuyu, hujui mambo ya Waluhya."

"Na wewe Mnubi unayajua?"

Nikampigia Amina simu. Iliita mpaka ikachoka. Nikajiambia yuko kwa fundi cherehani, au mtandao. Nilipiga tena Nakuru na tena Mai Mahiu, na sikuimba tena.

Kianda mlitusaidia wenyewe kuishusha, mnakumbuka, mkawa mnanipongeza. Nyinyi mlipoondoka ndipo nilipoingia ndani. Amina alikuwa amekaa kitandani, begi miguuni, amevaa buibui la safari.

"Baba amepiga simu," akasema. "Amesema ng'ombe wake amerudi kwenu, kwa hivyo mtoto wake arudi kwao."

"Amina, hawajaelewa! Nimekuletea wewe. Sheikh alisema mahari ni ya nani? Si ulisema mwenyewe ni hiyo injini?"

"Nilisema."

"Basi ni yako."

"Kama ni yangu, uliniuliza?" Hakupandisha sauti. "Ulikuwa na simu mfukoni. Je, ulinipigia ukaniambia, Amina, injini yako niilete ama niiache? Uliibeba kwa sababu Barasa amepigiwa vigelegele. Mambo ya mahari umeyakumbuka hapo hapo."

Alichukua begi akapita kando ya injini bila kuitazama. Na nikisema ukweli wote, wakati anashika njia ya kwenda stendi, jambo la kwanza lililonipitia kichwani ni kwamba kule anakokwenda atamkuta Barasa na mtambo wake mwekundu.

Kianda hadi Kawangware, mara ya pili

Nilingoja mpaka niliposikia Barasa amerudi mjini, kisha nikaenda kwa miguu. Nilitaka njia iwe ndefu. Kwa wakwe zetu mtu aliyekosa haingii bomani peke yake. Hutanguliwa na mtu wa kumsemea, na mimi Malava nzima sina wa kunisemea ila mwanyumba wangu. Hapo Mungu alinikomoa.

Nekesa alinifungulia, akaniwekea chai, akatoka. Barasa alikuwa amekaa na fulana. Nilimwambia nilichojia. Nilijiandaa kwa kicheko chake cha kufunga kinywa, lakini hakucheka.

"Unajua mimi nilitoa ng'ombe wangapi kwa Nekesa?" akauliza.

"Sijui."

"Hata wao hawajui tena. Wengine walikufa, wengine wakaliwa kwa matanga. Hakuna mtu Malava anakumbuka hata rangi ya mmoja." Akazungusha kikombe. "Lakini kila Krismasi nikienda, wageni wanapelekwa kuonyeshwa injini ya Rama. Ikilia asubuhi, mzee anasema, sikieni, mkwe wangu wa Kibera ameamka. Mimi niko palepale mezani, Mluhya mwenzao, mkwe mkubwa, na shati langu limepigwa pasi. Miaka yote hiyo. Firigisi ilikuwa inakatwa ikinipita hapa mbele ya pua. Sasa wewe unafikiri nilichimbua yale mavyuma porini kwa kupenda mvuke?"

Nilimtazama. Nasema bila aibu kwamba kwanza nilifurahi. Nilifurahi mpaka masikio yakapata moto: Barasa, miaka yote, akinionea wivu mimi! Nilitaka arudie. Halafu furaha ile haikufika hata mwisho wa kikombe, kwa sababu nilianza kuhesabu nani amefanya nini. Yeye wivu wake ulimtuma porini, ukamtoa jasho, na leo mzee ana mtambo unaokamua bila dizeli. Wangu umenipa injini mlangoni na kitanda kitupu. Hata kwa wivu amenishinda.

Alikubali kunitangulia. Kariuki anapeleka vitanda tena wiki hii, na injini itapanda kanta ileile pamoja na mbuzi wa kuombea radhi. Barasa amesema pale atazungumza yeye, mimi ninyamaze, na sina la kubisha. Jana nilimpigia Amina, akapokea. Nikamuuliza kama injini yake niilete.

Akasema injini ije. Kuhusu mimi bado anafikiria.